"Mama, mpango wa kando ni nini?"

Sheria imeweka saa ambazo redio na runinga hazipaswi kurusha mambo ya watu wazima. Wazazi wengi hawazijui, na ndiyo maana hawalalamiki.

Ni saa moja kasorobo asubuhi. Matatu imekwama kwenye foleni, redio iko juu, na kila abiria ameinamia simu yake. Karibu na dirisha ameketi mtoto wa gredi ya pili, mkoba wa shule mapajani. Redioni, mtangazaji amempigia simu mume wa msikilizaji mmoja, na sasa ndoa ya watu inavunjika hewani huku kicheko kikiwekwa chini yake. Abiria wawili wa kiti cha nyuma wanacheka pia. Mtoto anageuka na kuuliza kwa sauti inayosikika hadi kwa dereva:

"Mama, mpango wa kando ni nini?"

Wazazi wengi wa mijini wamewahi kukumbwa na swali la aina hiyo. Mara nyingi jibu huwa ni "nyamaza" au "utajua ukikua". Mzazi humeza aibu yake, matatu husonga, na jioni mambo yamesahaulika. Ni wachache wanaofahamu kwamba wakati huo, saa moja kasorobo asubuhi, stesheni hiyo ilikuwa ndani ya saa ambazo sheria ya Kenya imewatengea watoto.

Saa 17 za watoto

Kanuni za utangazaji nchini Kenya zinatenga muda kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa wakati ambao watoto wanatarajiwa kuwa miongoni mwa wasikilizaji na watazamaji. Ukihesabu, ni saa 17 kati ya 24. Katika muda huo vituo vya redio na runinga havipaswi kurusha mambo yanayowafaa watu wazima pekee: lugha chafu, mazungumzo ya wazi ya ngono, ukatili wa kutisha, au filamu zilizopewa alama ya 18. Mambo hayo yakiruhusiwa kabisa, yanasubiri saa nne usiku ipite.

Anayesimamia kanuni hizo ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), kupitia Kanuni za Vipindi zilizoanza kutumika mwaka 2016 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2019. Alama unazoziona kabla ya filamu, yaani GE kwa watu wa rika zote, PG kwa mtoto aliye na mzazi, 16 na 18, hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB).

Jambo ambalo huwapita wengi ni kwamba saa hizo zinahusu redio pia. Wazazi huzifikiria wakiwa mbele ya runinga usiku, wakiwa na rimoti mkononi. Lakini redio ya asubuhi ndiyo humfikia mtoto akiwa hana rimoti wala nafasi ya kuondoka. Anaisikia jikoni akinywa chai, kwenye gari la shule, na kwenye matatu.

Ushindani wa asubuhi nao una historia yake. Kwa miaka mingi Wakenya walikuwa na shirika moja tu la utangazaji, la serikali. Mwaka 1990 KTN ikaanza kurusha matangazo kama kituo cha runinga cha binafsi, na mwaka 1996 Capital FM ikafungua njia kwa redio za binafsi. Leo stesheni ni nyingi, na zote zinagombania sikio moja la msafiri aliyekwama kwenye foleni. Anayepata wasikilizaji wengi asubuhi ndiye anayepata matangazo ya biashara. Kisa cha ndoa kuvunjika hewani huvuta watu kuliko ushauri wa lishe, na mtangazaji analijua hilo vizuri.

Kwa nini redio, na si gazeti?

Mtu anaweza kuuliza: mbona serikali ipangie redio saa, ilhali gazeti lenye habari hiyo hiyo linauzwa mchana kutwa?

Sababu ya kwanza ni masafa. Redio mbili zikirusha matangazo kwenye masafa yale yale katika mji mmoja, hakuna itakayosikika vizuri. Kwa hiyo lazima mtu agawe nafasi, na nafasi hizo ni mali ya umma. Kituo hakimiliki hewa kinayotumia. Kimepewa leseni, na leseni huja na masharti. Anayekiuka anaweza kuonywa, kutozwa faini, au leseni yake ikatazamwa upya.

Sababu ya pili ni namna redio inavyoingia nyumbani. Gazeti linahitaji mtu alinunue na ajue kusoma. Redio haisubiri. Mtoto wa miaka mitatu asiyejua hata herufi moja anaisikia sawasawa na babu yake.

Hoja hiyo ya pili ilitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi iliyoanza na redio ya gari.

Barua ya baba mmoja

Tarehe 30 Oktoba 1973, yapata saa nane mchana, redio ya WBAI ya New York ilirusha kipande cha mchekeshaji George Carlin, kilichohusu maneno ambayo alisema huwezi kuyatamka hewani. Aliyatamka yote, tena na tena. Kituo kilikuwa kimetoa onyo kabla ya kipande hicho. Lakini baba mmoja aliyekuwa akiendesha gari pamoja na mwanawe alifungua redio katikati ya maneno hayo, onyo likiwa limeshapita.

Wiki chache baadaye baba huyo aliiandikia barua Tume ya Mawasiliano ya Marekani. Lalamiko lilikuwa hilo moja tu. Tume haikukifunga kituo wala kukitoza faini. Iliamua kwamba maneno hayo hayakufaa kurushwa saa ambazo watoto huenda wanasikiliza, na ikaiweka barua hiyo kwenye faili la kituo ili ikumbukwe leseni itakapotazamwa tena. Wamiliki wa kituo walikwenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Mnamo Julai 1978, majaji watano dhidi ya wanne waliiunga mkono tume.

Majaji walisema matangazo ya redio humfuata mtu hadi faraghani mwake, na huwafikia watoto kwa urahisi hata kabla hawajajua kusoma. Walisema pia kwamba onyo la mwanzo wa kipindi halitoshi, kwa sababu watu hufungua redio wakati wowote. Mzazi yeyote aliyewahi kupanda matatu katikati ya mjadala wa vyumba vya kulala anaelewa walichomaanisha.

Leo vituo vya kawaida vya redio na runinga Marekani haviruhusiwi kurusha maneno na picha za aibu kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku.

Uingereza ilianza mapema zaidi, tena kwa njia ambayo ingewashangaza wazazi wa leo. Hadi Februari 1957, runinga ilikuwa ikizimwa nchi nzima kila jioni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja, ili wazazi wapate nafasi ya kuwalaza watoto bila mabishano. Utaratibu huo ulikufa baada ya runinga ya kibiashara kuanza mwaka 1955, kwani saa moja bila picha ilikuwa saa moja bila pesa za matangazo. Mwaka 1964 ukaja mpaka wa saa tatu usiku, ambao bado upo: mambo ya watu wazima husubiri saa hiyo ipite.

Mtoto husikiaje?

Saa hizi za ulinzi haziwekwi kwa sababu ya haya peke yake. Ubongo wa mtoto hupokea mambo kwa namna tofauti na wa mtu mzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akimpiga na kumtukana mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Baadaye watoto hao walipoachwa na mwanasesere yuleyule, wengi waliiga walichokiona, hadi maneno yenyewe. Mwaka 1963 alirudia jaribio hilo kwa kutumia filamu badala ya mtu aliyesimama mbele yao. Watoto waliiga filamu pia.

Matangazo ya biashara yana shida ya aina nyingine. Mwaka 2004, kamati ya wataalamu wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani ilieleza kwamba watoto walio chini ya miaka minane kwa kawaida hawaelewi kuwa tangazo limetengenezwa ili kuwashawishi. Mtu mzima husikia "soda hii ni tamu" akajua kuna anayetafuta pesa zake. Mtoto wa miaka sita husikia taarifa ya ukweli, kama vile mwalimu alivyomwambia kwamba jua huchomoza mashariki.

Ndiyo maana udhibiti wa utangazaji umekuwa pia kazi ya afya. Uingereza iliondoa matangazo ya sigara kwenye runinga mwaka 1965, na Marekani ikayaondoa redioni na kwenye runinga Januari 1971. Chile, inayopambana na unene wa kupindukia kwa watoto, ilianza mwaka 2018 kuzuia matangazo ya runinga ya vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa nne usiku. Uingereza nayo, kuanzia Januari 2026, imezuia matangazo ya vyakula vya aina hiyo kwenye runinga kabla ya saa tatu usiku.

Kwa Kenya, vita vya karibuni vimekuwa vya kamari. Tarehe 29 Aprili 2025, Bodi ya Kudhibiti Kamari ilisimamisha kwa siku 30 matangazo yote ya kamari katika vyombo vya habari. Sababu mojawapo iliyotaja ni kwamba matangazo hayo yalikuwa yakirushwa kwa wingi katika saa za watoto, na kumwonyesha kijana kwamba kubeti ni njia ya kawaida ya kupata riziki. Mzazi ambaye mwanawe wa darasa la sita anaweza kutaja kampuni tatu za kamari kabla ya kutaja mito mitatu ya Kenya hahitaji kuelezwa zaidi.

Mkono ule ule unaweza kuzima habari

Kuna upande mwingine ambao familia inapaswa kuujua. Nguvu ya kumwambia mtangazaji "usirushe hili saa hii" ni nguvu kubwa, na si mara zote imetumika kwa ajili ya watoto.

Tarehe 30 Januari 2018, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN siku Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake Uhuru Park. Vituo hivyo vilikaa gizani kwa siku kadhaa, ingawa Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru virejeshwe. Tarehe 25 Juni 2025, CA iliagiza vituo visitishe matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, na baadhi vikaondolewa hewani. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo.

Katiba ya 2010 iliona hatari hiyo mapema. Kifungu cha 34 kinaruhusu leseni za utangazaji, lakini kinataka utaratibu wa kuzitoa uwe huru na usiendeshwe na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Kwa mzazi, tofauti ni rahisi kuiona. Kumwambia mtangazaji asubiri saa nne usiku kabla ya kuzungumzia vyumba vya kulala kunamlinda mtoto, na mtu mzima bado atakisikia kipindi chake. Kuzima habari ili watu wasijue kinachoendelea barabarani hakumlindi mtoto yeyote. Anayetaka sheria ya watoto iheshimiwe ana sababu ya kutaka pia isitumiwe kama kisingizio.

Lalamika namna hii

Mamlaka haiwezi kusikiliza kila stesheni, kila dakika, katika kila lugha inayotangazwa Kenya. Kama ilivyokuwa New York mwaka 1973, mara nyingi jambo husonga pale msikilizaji anapoandika. Mzazi akinyamaza, kituo huhesabu ukimya wake kama ridhaa.

Lalamiko linalosaidia halihitaji maneno makali. Linahitaji mambo manne:

Kwanza, jina la kituo na masafa yake, kama yanajulikana.

Pili, tarehe na saa kamili. Hii ndiyo nguzo ya lalamiko, kwa kuwa kanuni yenyewe ni ya saa. "Asubuhi moja wiki iliyopita" haitoshi. "Jumanne, saa moja kasorobo" inatosha.

Tatu, jina la kipindi na kilichosemwa, kwa maneno yake kadiri unavyokumbuka. Usiongeze chumvi.

Nne, mtoto alikuwepo wapi na ana umri gani. Hakuna haja ya kutaja jina lake.

Anza na kituo chenyewe, kwa sababu vituo vyenye leseni vinatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Weka nakala ya ulichotuma. Usipojibiwa, au jibu lisiporidhisha, peleka lalamiko CA pamoja na nakala hiyo. Kama tatizo ni mwenendo wa mwanahabari, kwa mfano kumtaja jina mtoto aliyedhulumiwa, Baraza la Vyombo vya Habari lina tume yake ya malalamiko. Fanya hivyo mapema, rekodi ya kipindi ikiwa bado ipo na kumbukumbu yako ikiwa mbichi.

Wazazi wa shule moja au wa mtaa mmoja wanaweza pia kuandika pamoja. Barua yenye saini 30 ni ngumu kuiweka kando.

Simu haina saa nne usiku

Hata kanuni ikifuatwa neno kwa neno, kuna pengo ambalo hakuna mamlaka itakayolijaza kwa niaba yako. Kipande kilichorushwa saa tano usiku huwa kwenye YouTube na TikTok kabla ya kifungua kinywa. Saa za ulinzi ziliwekwa kwa ajili ya mnara wa redio. Simu ya baba iliyoachwa kwenye kochi haizijui saa hizo.

Kwa hiyo nyumba inahitaji saa yake yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini akiwa ameketi tu. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi minne, muda usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi.

Ving'amuzi vingi vina sehemu ya kuweka namba ya siri ya kufungia vipindi kulingana na alama ya umri, na mara nyingi kazi hiyo humalizika ndani ya dakika chache. Usitumie mwaka wako wa kuzaliwa kama namba ya siri, kwa sababu watoto huikisia haraka. Simu ya mzazi isilale chumba cha mtoto. Na kama nyumba ina dada wa kazi au nyanya anayebaki na watoto mchana, naye aelezwe kanuni ya nyumba kwa heshima, badala ya kulaumiwa baadaye kwa jambo ambalo hakuambiwa.

Kwenye matatu, makanga si adui. Ombi la upole hufanya kazi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: "Kaka, tafadhali tubadilishie stesheni, kuna watoto humu." Mara nyingi utakuta abiria wengine walikuwa wakisubiri mtu aseme.

Kisha kuna lile swali lenyewe, ambalo hakuna kanuni itakayolijibu. Mtoto akiambiwa "nyamaza", hujifunza kwamba jambo hilo haliulizwi nyumbani, na huenda akaliuliza kwingine. Jibu fupi na la kweli linatosha kwa umri wake: "Ni mtu mwenye mke au mume anapokuwa na mpenzi mwingine kwa siri. Huumiza watu nyumbani. Jioni tukifika tutaongea."

Na jioni ikifika, muongee kweli. Mtoto akishalala, chukua simu uandike: jina la kituo, Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi.